Bafle haisomi diploma: je, fundi wa vyombo vya sauti anapaswa kuwa injenia?

Goma, Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia, mtu anayetafuta bafle za kanisa ao ampli ya sala ya sherehe ana njia mbili. Ya kwanza ni kununua dukani chombo kilichotoka ng'ambo. Ya pili ni kwenda kwa fundi wa mtaa, yule anayekata mbao, anafunga spika, anasudea nyaya na kukabidhi bafle iliyo tayari kwa bei ya mapatano. Mafundi wengi wa namna hii hawakuingia chuo kikuu. Wamoja wana diploma ya A2 ya umeme. Wengine walijifunza kwa kukaa miaka kando ya fundi mkubwa, wakimshikia tochi na kutazama mikono yake.

Hapo ndipo swali linazaliwa, na wazazi wengi wanalijua vizuri. Kijana anayefungua kila redio ya nyumbani tangu utoto anamaliza sekondari. Je, familia itafute minervali ya miaka mitano ili awe injenia, ao imnunulie multimetri na kumpeleka atelie? Na mchungaji anayebeba feza za waamini, je, amwombe fundi diploma kabla ya kumpa kazi?

Swali hili lina uzito. Miaka mitano ya chuo kikuu inaweza kumaliza akiba ya familia nzima. Kwa upande mwingine, ampli iliyofungwa vibaya inaweza kuunguza nyumba, ao kumuua mwimbaji aliyeshika mikro. Historia ya kazi hii, kuanzia London hadi Kinshasa, inaonyesha kwamba waliofanikiwa walikuwa wa aina zote mbili: wenye diploma na wasio nayo. Kilichowaunganisha ni kitu kingine.

Mtoto wa mhunzi na mtu wa hesabu

Mwaka 1831, huko London, Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na waya uliozungushwa, umeme unatokea ndani ya waya huo. Mikro ya kawaida inayoshikwa na waimbaji wetu inafuata kanuni hiyo: sauti inatikisa bobini ndogo karibu na sumaku, na umeme unazaliwa. Spika inafanya kinyume chake: umeme unapita ndani ya bobini iliyo karibu na sumaku, bobini inasukumwa, karatasi inatikisika, hewa inabeba sauti.

Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi. Alipokuwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi ya kushona vitabu, na huko alisoma vitabu vilivyopita mikononi mwake. Hakuingia chuo kikuu, na hakuwa mtu wa hesabu kubwa. Aliyegeuza mawazo yake kuwa hesabu ni James Clerk Maxwell, aliyesoma Edinburgh na Cambridge. Hesabu hizo za miaka ya 1860 ndizo zilizofungua njia ya redio. Tangu mwanzo, basi, kazi hii imesimama juu ya miguu miwili: mkono unaojaribu, na hesabu inayoeleza kwa nini jaribio limefaulu.

Wengi walifuata mguu wa kwanza. Leo Fender, wa California nchini Marekani, alisomea uhasibu. Redio alizipenda tangu ujana, na mwaka 1938 alifungua duka la kuzitengeneza katika mji wa Fullerton. Kutoka duka hilo zilitoka ampli, na baadaye gitaa za umeme zisizo na tumbo la wazi: mwaka 1950 gitaa ambayo baadaye iliitwa Telecaster, mwaka 1951 gitaa ya bass, na mwaka 1954 Stratocaster. Fender hakujua hata kupiga gitaa. Aliwapa wanamuziki vyombo vyake, akasikiliza malalamiko yao, akarudi mezani kurekebisha. Mwaka 1965 kampuni yake iliuzwa kwa dola milioni 13.

Jim Marshall, wa London, alikuwa mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma aliyefungua duka la vyombo vya muziki. Wapiga gitaa waliokuja kwake walitaka ampli yenye nguvu, lakini zile za Marekani zilikuwa za bei ya juu Uingereza. Mwaka 1962, pamoja na fundi wa duka lake, Ken Bran, na kijana wa miaka 18, Dudley Craven, aliyekuwa anajifunza kazi katika kampuni ya EMI, walichukua ramani ya ampli moja ya Fender na kuifuata kwa vipande vilivyopatikana kwao. Vipande vilikuwa tofauti kidogo, na sauti ikawa tofauti pia. Sauti hiyo ilienda duniani kote pamoja na muziki wa rock.

Rupert Neve, Mwingereza aliyekulia Argentina, alitengeneza redio tangu utoto na alitumika katika kikosi cha mawasiliano cha jeshi wakati wa vita ya pili ya dunia. Hakupata digrii ya uinjenia. Hata hivyo, meza zake za kuchanganya sauti za miaka ya 1960 na 1970 zinatafutwa na studio mpaka leo, na mwaka 1997 alipewa Grammy ya ufundi. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 94.

Likembe ya Kinshasa iliyovuka bahari

Hakuna haja ya kwenda Ulaya ili kupata mfano. Huko Kinshasa, Mingiedi Mawangu, mpiga likembe wa kabila la Bazombo, watu wa upande wa mpaka na Angola, alianzisha katika miaka ya 1960 kikundi kilichojulikana baadaye kama Konono N°1. Likembe ni chombo chenye sauti ndogo, na kelele ya jiji inaimeza kwa urahisi. Mingiedi na wenzake walichukua sumaku kutoka vipande vya magari ya zamani, wakazigeuza kuwa mikro, wakachonga mikro zingine kwa mbao. Sauti iliyotoka waliipitisha katika ampli, kisha katika megafoni za wakati wa wakoloni, zile zilizoitwa lance-voix.

Sauti hiyo ilikwaruza. Injenia wa studio angeandika kwenye ripoti yake kwamba chombo kimepita kiasi. Lakini mwaka 2004 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa albamu yao Congotronics, na mwaka 2006 kikundi kilipata tuzo ya BBC ya muziki wa dunia. Mpiga piano Mmarekani Herbie Hancock aliwaalika katika albamu yake ya mwaka 2010. Mingiedi alifariki mwaka 2015. Hakuna aliyeuliza diploma yake.

Mfano huu, hata hivyo, unapaswa kusomwa kwa uangalifu. Konono walitengeneza vyombo vyao wenyewe, kwa ajili ya muziki wao wenyewe. Mkwaruzo ulipotokea, waliufanya sehemu ya muziki. Fundi wa Goma anayetengenezea korali bafle sita hana uhuru huo. Mteja anataka maneno ya mahubiri yasikike mpaka benchi la mwisho, leo na mwaka ujao, na bafle ya sita ifanane na ya kwanza. Hapo sikio peke yake linaanza kuchoka.

Wenye diploma walileta nini?

Kwa miaka mingi, aliyetaka kutengeneza bafle nzuri alikisia. Alikata sanduku, akasikiliza, akakata lingine. Mwaka 1961, injenia wa Australia, Neville Thiele, alichapisha hesabu iliyoonyesha namna ya kuchagua ukubwa wa sanduku na wa tundu lake kufuatana na tabia ya spika yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Richard Small, Mmarekani aliyefanya udaktari katika chuo kikuu cha Sydney, aliendeleza kazi hiyo. Leo, karatasi ya kila spika ya watengenezaji wakubwa inabeba namba zao.

Tatu kati ya hizo ni muhimu kwa fundi. Fs ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde ambayo spika inaipenda yenyewe ikiachwa huru. Vas ni kiasi cha hewa chenye ugumu sawa na ule wa karatasi na mpira wa spika. Qts inaeleza namna spika inavyotulia baada ya kusukumwa. Fundi akiwa na namba hizi, anaweza kujua kama spika yake inaomba sanduku la lita 30 ao la lita 120, kabla ya kununua ubao. Programu za kompyuta zisizolipishwa, kama WinISD, zinamfanyia hesabu hiyo kwa dakika chache.

Hii ndiyo maana halisi ya diploma katika kazi hii. Thiele na Small walihitaji hesabu ya chuo kikuu ili kugundua kanuni. Anayeitumia leo hahitaji kurudia safari yao, lakini anapaswa kujua kwamba kanuni ipo. Fundi anayenakili bafle aliyoiona kwenye picha, kisha akaweka ndani spika ya aina nyingine, amenakili mbao tu. Sauti ya chini itakuwa ya kuvuma kama pipa, ao haitakuwepo kabisa, na atalaumu spika.

Hata wenye diploma kubwa hawakuishi kwa karatasi peke yake. Paul Klipsch alikuwa na digrii mbili za uinjenia, na bado kazi yake ya Klipschorn, bafle ya kona aliyoanza kuiuza mwaka 1946, ilianzia katika banda la mabati mjini Hope, jimbo la Arkansas. Ray Dolby, anayejulikana kwa mfumo wa kupunguza kelele za kanda, alianza kufanya kazi katika kampuni ya Ampex akiwa bado kijana wa shule, na alishiriki kutengeneza mashine ya kurekodi picha iliyotoka mwaka 1956. Digrii ya Stanford aliipata mwaka 1957, na ya udaktari wa fizikia, huko Cambridge, mwaka 1961. Mkono wake ulitangulia karatasi.

Amar Bose anafundisha jambo lingine. Mwaka 1956, alipokuwa anamaliza udaktari katika chuo cha MIT, alinunua sono ambayo kwenye karatasi ilikuwa na namba nzuri. Alipofika nyumbani, hakufurahia sauti yake. Alianza kutafiti tofauti kati ya namba na kile sikio linapokea ndani ya chumba, na mwaka 1964 akaanzisha kampuni. Bafle yao ya kwanza, ya mwaka 1966, haikuuzwa vizuri. Ile ya mwaka 1968, iliyoitwa 901, ndiyo iliyowasimamisha. Daktari wa MIT pia alilazimika kukosea, kusikiliza na kuanza tena.

Hesabu inayolipa mafuta ya jenereta

Katika atelie ya kawaida, sehemu kubwa ya hesabu inayohitajika ni ya sekondari. Mfano wa kwanza ni omu. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba, ampli inaona omu 4. Zikiwa nne, inaona omu 2. Ampli ambayo nyuma yake imeandikwa kwamba isishuke chini ya omu 4 itavutwa umeme mara mbili ya ule inaoweza. Itapiga vizuri wakati wa majaribio, kisha transista zitaungua katikati ya arusi. Dawa ni rahisi: kufunga spika mbili kwa mfuatano, kufanya hivyo kwa mbili zingine, halafu kuweka jozi hizo sambamba. Ampli itaona tena omu 8, na spika zote nne zinafanya kazi.

Mfano wa pili unahusu franga za mafuta. Wateja wengi wanauliza wati tu. Lakini kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 peke yake, tofauti ambayo sikio linaiona kuwa ndogo. Ili sauti ionekane kubwa mara mbili hivi, inaomba wati mara kumi. Kuna namba nyingine inayosahauliwa: spika inatoa desibeli ngapi kwa wati 1, ikipimwa kwenye umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 97 ikipewa wati 10 inatoa sauti sawa na spika ya desibeli 87 iliyopewa wati 100. Kwa kanisa linalotumia jenereta ndogo ao batri za sola, kuchagua spika hiyo ya kwanza ni kupunguza mafuta ya kila jumapili bila kupunguza sauti.

Mfano wa tatu ni maandishi ya kwenye katoni. Ampli inaweza kuandikwa wati 2000 kwa herufi kubwa, na kando yake herufi ndogo PMPO. Namba hiyo ni ya kitambo kidogo sana, na kila muuzaji anaihesabu namna yake. Fundi ao mteja mwenye akili anatazama fuzi, ile waya nyembamba ndani ya kichupa, upande wa nyuma. Ikiwa ni ya ampea 2 na umeme ni wa volti 220, chombo kimeundwa kuvuta wati 440 hivi kutoka prizi. Hakiwezi kutoa wati 2000 mfululizo, hata kikiombewa.

Hakuna hata moja ya hesabu hizi inayoomba chuo kikuu. Zinaomba mtu aliyefundishwa kuzidisha, kugawa na kupima, na anayekubali kwamba kipimo kinaweza kumkatalia.

Hapa ndipo kutojua kunaua

Kuna sehemu moja ambapo kazi ya kukisia haina msamaha. Mwaka 1972, huko Swansea nchini Uingereza, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa kikundi Stone the Crows, alikufa jukwaani baada ya kugusa mikro ambayo haikuwa na waya wa udongo uliofungwa vizuri. Alikuwa msanii mwenye kazi, katika sala ya nchi tajiri, mbele ya watu.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya ampli, waya wa umeme unaweza kulegea na kugusa bati la nje. Kama waya wa udongo upo, ule mafundi wanaita latere, umeme unakimbilia ardhini na fuzi inakatika. Kama haupo, bati linabaki na volti 220, na pia nyuzi za gitaa na kichwa cha mikro vinavyoungana nalo. Mwimbaji mwenye jasho, akiwa miguu mitupu juu ya simenti yenye maji, anakuwa yeye ndiye njia ya kwenda ardhini. Fundi anayekata mguu wa tatu wa plagi ili uingie katika prizi ya zamani, ao ili kuondoa mngurumo katika bafle, ameondoa kinga hiyo. Mngurumo una dawa zingine. Mtu aliyepigwa na umeme mara nyingi hana.

Fundi mwenyewe pia yuko hatarini. Kondansateri kubwa za ampli zinashika umeme hata baada ya chombo kuchomolewa, na katika ampli za taa za zamani umeme huo unaweza kupita volti 300. Mwenye kujua anazimaliza umeme kwanza, anapima, kisha anaingiza mkono. Na fuzi iliyokatika haibadilishwi na waya mnene ao karatasi ya sigara, kwa sababu sasa kitakachoungua badala yake ni transfo, ao nyumba.

Katika shule nzuri ya ufundi, mambo haya yanafundishwa mapema. Katika atelie, inategemea kama fundi mkubwa mwenyewe aliyajua. Hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya wanaotetea masomo. Kijana aliyejifunza kwa fundi mmoja anarithi uhodari wake, na anarithi pia makosa yake, bila kujua ni makosa.

Karatasi inafungua milango gani?

Huko Ulaya, ampli inayouzwa inabeba alama ya CE. Mtengenezaji anapaswa kuwa na faili yenye michoro na matokeo ya vipimo, yanayoonyesha kwamba chombo hakitampiga mtu umeme wala kuwaka moto. Kanuni ya kimataifa inayotumika zaidi kwa vyombo hivi ni IEC 62368-1. Sheria hiyo inauliza kama chombo ni salama. Haiulizi aliyekichora alisoma wapi. Hapa Kongo, kazi ya kukagua ubora wa bidhaa iko mikononi mwa OCC, nayo pia inatazama bidhaa.

Lakini maisha hayaishi kwenye sheria peke yake. Shirika ao kampuni ikitaka kufunga sono katika sala ya mikutano, mara nyingi inaomba CV na diploma pamoja na bei. Fundi hodari asiye na karatasi anabaki nje, na pengine anaitwa baadaye, kwa feza kidogo, kurekebisha kazi ya aliyekuwa nayo. Mlango wa chuo kikuu, wa benki na wa kazi ya mshahara unafunguliwa pia na karatasi. Huu ni ukweli wa soko, hata kama hausemi chochote juu ya sauti.

Wakati mwingine mwenye diploma ndiye anayemfungulia mlango asiye nayo. Huko Freetown, Sierra Leone, kijana Kelvin Doe, aliyezaliwa mwaka 1996, aliokota vipande vya elektroniki kwenye takataka, akajifundisha mwenyewe kutengeneza batri, ampli na mtambo wa redio FM, akawa anatangaza kwa jina la DJ Focus. Mwananchi mwenzake, David Sengeh, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari MIT, aliandaa shindano la vijana wabunifu ambalo Doe alishiriki. Mwaka 2012 Doe alialikwa MIT. Mtaalamu hakumcheka fundi wa takataka, na fundi hakukimbia mtaalamu. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hakukipata.

Kwa kijana na kwa mzazi

Mzazi halazimiki kuchagua kati ya miaka mitano ya chuo kikuu na kutosoma kabisa. Sekondari ya ufundi, upande wa umeme ao elektroniki, inatoa A2 na hesabu yote iliyoelezwa hapa juu. INPP, iliyoundwa mwaka 1964, inatoa mafunzo mafupi ya kazi, na hata mtu mzima mwenye atelie anaweza kuyafuata. Vyuo kama ISTA viko kwa wanaotaka kuendelea. Miaka mitano ya uinjenia ina faida kubwa kwa anayetaka kuunda kitu ambacho hakijakuwepo, kusimamia viwanda ao kufundisha. Kwa anayetaka kutengeneza bafle na ampli nzuri za mtaa wake, kinachokosekana mara nyingi si digrii. Ni multimetri, ni daftari, ni mtu wa kumsahihisha.

Daftari hasa. Fender alijaribu na kubadilisha, Neve alichora, Marshall na wenzake walisoma ramani ya mwingine kabla ya kutengeneza yao. Fundi asiyeandika ukubwa wa sanduku, aina ya spika na omu alizozipima, kila bafle kwake ni ya kwanza. Akifariki ao akihama, kazi yake inaondoka naye. Fundi anayeandika anaweza kumwachia kijana wake kitu zaidi ya koleo.

Na kwa anayenunua, mchungaji ao mwenye sala, diploma iliyotundikwa ukutani inasaidia kidogo tu. Maswali machache yanasaidia zaidi. Ampli hii isishuke chini ya omu ngapi, na bafle nilizonazo zikiunganishwa zinatoa ngapi? Fuzi yake ni ya ampea ngapi? Latere iko wapi, na unaweza kunionyesha kwa multimetri kwamba inafika mpaka kwenye bati? Sanduku hili ulilipima kwa namba za spika gani? Ikiharibika, nitakukuta wapi?

Fundi anayejibu bila kukasirika, akachukua chombo chake na kupima mbele ya mteja, anastahili kupewa kazi, awe alipita chuo kikuu ao hakupita. Anayejibu kwamba ana miaka ishirini ya kazi, na anayejibu kwamba yeye ni injenia, wote wawili bado hawajajibu.